Pakiti za Chumvi kwa Mama Mkwe

Binti yangu hukipiga chakula picha kabla ya kukila. Huinamia sahani kama fundi wa saa, akaisogeza kushoto, akaondoa mfupa usiopendeza, kisha akawatumia picha hiyo watu ambao hajawahi kuwatia machoni, nao wakamjibu kwamba ni kitamu. Kitamu! Wamekionja wapi? Ugali unapoa, mchuzi unaganda, na mimi mamaye nimeketi pale na njaa yangu nikingoja ruhusa ya watu wa mbali. Ningemkemea, lakini sina uso wa kumkemea. Mchezo huo niliucheza mimi kabla hajazaliwa, bila simu wala picha, na nikaucheza vibaya kumshinda.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwanasalamu. Waliozaliwa juzi hawajui hicho ni cheo gani, kwa hiyo nitawaeleza. Ulinunua kadi ya salamu dukani, ukajaza majina ya watu unaowasalimu, na chini kabisa palikuwa na nafasi ndogo ya ujumbe. Ukaitia posta. Baada ya wiki mbili, au tatu, au baada ya kuisahau kabisa, mtangazaji aliisoma alasiri kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi, na nchi nzima ikajua kwamba uko hai na unawasalimu wenzako. Wenzako hao hukuwajua. Ulijua majina yao ya redioni tu, maana hakuna mwanasalamu aliyejishusha hadi kutumia jina alilopewa na wazazi wake. Tulikuwa na wafalme wasio na ufalme, madaktari wasio na dawa, na masimba kadhaa. Jina langu silitaji, nina heshima zangu kanisani siku hizi. Yatosha kusema kwamba lilikuwa na neno "malkia" na neno "sufuria," na kwamba nilijipa mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Shida ilikuwa moja. Malkia huyu wa sufuria hakuwa na sufuria.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Rangwe nikaletwa Uriri, kwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayeweza kusahihisha madaftari huku nyumba ikiungua. Kwa watu wa boma lile, mke mpya hapiki kwake. Hupika jikoni kwa mama mkwe, kwa moto wa mama mkwe, akitazamwa na mama mkwe, mpaka siku ile mama mwenyewe atakapoona umeiva. Siku hiyo anakupangia mafiga yako matatu, anachukua kaa la moto kutoka jikoni kwake, anakuwashia. Hapo ndipo unakuwa mke mwenye jiko. Na jiko lako likishawaka kuna sheria: kila mlo, bakuli la kwanza huenda kwa mzee wa boma. Wewe huyo unayempikia mumeo, humpiti baba yake.

Mimi heshima hiyo niliingoja kwa hamu. Nilitaka mzee wa watu aonje chakula cha binadamu kabla hajafa.

Maana chakula cha mama mkwe wangu hakikuwa na chumvi. Sisemi kilikuwa na chumvi kidogo. Nasema hakikuwa nayo. Kila kitu kingine alikijua: ugali wake wa wimbi na muhogo ulisimama wima kama askari, mboga zake chungu, ile osuga, alizichemsha na kuzitia maziwa siku tatu mpaka ukali ukaisha. Lakini ulipotia tonge mdomoni ulikutana na ukimya. Mwaka wa kwanza nilidhani anasahau. Mwaka wa pili nikaamua ni uchoyo. Nikijaribu kutia chembe mbili za chumvi akigeuka, alinishika mkono. Hata mzee mwenyewe, baba mkwe wangu, alikuwa akionja na kutikisa kichwa mbele yetu sote. "Mama yenu ameisahau tena," alisema, na sisi tukacheka, naye mama akaangalia chini na kuendelea kumega ugali wake.

Ningekuwa na rafiki pale, ningemweleza. Sikuwa naye. Nasema wazi kwamba nilikuwa mpweke mpaka nikawa naongea na kuku. Wanawake wa jirani waliniita Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, kama wake wote wanavyoitwa kwa walikotoka, na kila waliponiita hivyo nilikumbushwa kwamba hapa si kwetu. Basi nikageukia kadi.

Nyuma ya ghala la mahindi palikuwa na mawe matatu laini yaliyozungukwa na majani. Mchana, kazi zikipungua, nilikuwa nikikaa juu ya jiwe moja, naweka daftari juu ya jingine, naandika. Kadi yangu ya kwanza ya kuchekesha ilisema: "Nawasalimu kutoka Uriri, kwa mama mkwe, ambako chumvi ilivuka mpaka kwenda Tanzania na mpaka leo haijarudi." Mtangazaji alipoisoma alicheka hewani. Alicheka! Mtu aliyesoma taarifa za mafuriko na za waziri kwa sauti ile ile, alicheka kwa maneno yangu. Nilikaa siku tatu nikijihisi mrefu.

Kuanzia hapo nikawa sishikiki. "Omena wa kwetu hufa mara mbili: mara ya kwanza ziwani, mara ya pili sufuriani kwa huzuni." "Kwa mama mkwe wangu ng'ombe ndiye anayejua ladha ya chumvi, sisi tunamwuliza." Kadi za kunijibu zikaanza kumiminika. Mwenyekiti wa chama chetu cha salamu, kinyozi wa Homa Bay, alinisalimu kila wiki. Na kulikuwa na mwanamke mmoja wa Sori, mshonaji, ambaye ujumbe wake ulikuwa moto. Aliniandikia: "Malkia, vumilia, nakutumia chumvi kwa mawimbi ya redio, kinga sahani." Nilimpenda mwanamke yule. Nilimwambia mambo yangu yote, yeye na wasikilizaji wengine wote wa Jamhuri. Mume wangu aliyelala ubavuni pangu sikuwahi kumwambia hata nusu yake.

Mtauliza, na mama mkwe je? Redio ilikuwa yake. Ilikaa kwenye kigoda nje ya jiko, na betri zake zikilegea tulizianika juani pamoja na omena, wale dagaa wa ziwani. Alasiri alikuwa akikaa karibu nayo akichambua mboga au kubambua karanga, na kadi ilipokwisha kusomwa, nami nikiwa nimeuma midomo nisicheke, aliniuliza kwa Kijaluo, "Wanasema nini?"

"Wanakusalimu, Mama," nilimjibu.

"Wananijua?"

"Nimewaambia una mikono mizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha amua kwamba Kiswahili hakijui. Sikumbuki nani aliniambia hivyo. Nadhani nilijiambia mwenyewe, na nikajiamini.

Basi siku moja ikaja barua kutoka kwa kinyozi. Chama kilikuwa na desturi ya kutembeleana, kila likizo ya shule nyumbani kwa mmoja wao, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Malkia. Watakuja Jumamosi, watu kumi na mmoja, "kuonja hiyo sufuria maarufu." Nilisoma barua ile nikakaa chini. Sufuria maarufu ilikuwa imeazimwa, moto ulikuwa wa mwingine, na mpishi alikuwa mtoto wa watu aliyefungiwa chumvi.

Mume wangu aliuliza watu kumi na mmoja watakaa kwenye viti gani. Baba mkwe alifurahi kupita kiasi, akasema wageni ni baraka, mgeni njoo mwenyeji apone, akaenda kunyoa ndevu siku nne kabla. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Ni wageni wako. Utapika wewe. Jiko nakuachia, na chumvi tia upendavyo."

Nilitaka kumkumbatia.

"Ila bakuli la Mzee nitapakua mimi, kwenye chungu changu."

Nikaacha kutaka kumkumbatia. Niliona nimemwelewa vizuri sana: anaogopa mzee asije akaonja. Mzee akionja mara moja tu, mbele ya mashahidi kumi na mmoja, atauliza kwa nini mpishi huyu hana jiko lake, na neno la mzee likitoka halirudi. Hapo hapo nikapanga mpango wangu. Nilikuwa na akili sana enzi hizo.

Jumamosi nilichinja jogoo wawili, nikapika na samaki, ngege wakubwa wa kutoka ziwani, kila mmoja na kichwa chake kama inavyotakiwa. Nilikaanga, nikaunga kwa nyanya, nikatia chumvi kwa mkono ulionyimwa miaka miwili. Nikaonja. Machozi yalinilenga. Mama mkwe alikuwa pembeni na chungu chake kidogo cha kuku wa kuchemsha, akikikoroga bila kunitazama.

Wageni walifika saa sita. Lazima niseme ukweli kuhusu marafiki wa hewani: wasikilize, usiwaite. Simba wetu mkubwa alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi. Daktari wa salamu alikuwa mchukuzi wa mizigo, naye alikuja amevaa suti ya harusi. Na rafiki yangu wa Sori, yule mwenye ulimi wa moto, alikuwa mwanamke mdogo, mkimya, aliyeongea akiangalia viatu vyake. Nilikuwa nimemjengea kifua kikubwa na kicheko cha kutikisa mabati. Kisha nikagundua kwamba kichwani mwangu wote walikuwa na sauti moja, ya mtangazaji. Tulishikana mikono tukakosa la kusema, mimi na mtu aliyejua siri zangu zote.

Walijipanga mstari kumwamkia mama mkwe. Kinyozi alikuwa mbele. Alimwinamia, akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa karatasi, akatoa pakiti ya chumvi, akamkabidhi. Wa pili akatoa pakiti ya chumvi. Wa tatu pia. Rafiki yangu wa Sori alitoa yake huku akitabasamu kwa viatu vyake. Pakiti kumi na moja, mama mkwe akizipokea moja moja kwa mikono miwili na kuzipanga juu ya kigoda, kando ya redio yake.

Kisha kinyozi akatoa hotuba.

"Mama, sisi ni watu ya salamu. Kila siku tunasikia kwa redio vile hii boma iko na shida ya chumvi. Tukasema, mkono mtupu haulambwi. Hatuwezi kuja hivi hivi juu Malkia ametulilia sana!"

Wakaangua kicheko, wote kumi na mmoja, kwa upendo kabisa. Baba mkwe alicheka nao. Mume wangu alinitazama, kwa mara ya kwanza pengine tangu harusi. Niliomba ardhi ipasuke inimeze, ikakataa, nikajifariji kwamba angalau mama hakusikia lugha.

Mama mkwe alisimama, akajifuta mikono kwenye leso.

"Asanteni sana, watoto yangu," alisema kwa Kiswahili. "Chumvi ni kitu ya maana. Hiyo salamu yenu mimi nasikianga yote, hakuna moja inanipita. Hata ile ya Tanzania nilisikia. Huyu msichana yangu anajua kuongea. Karibuni ndani, mkule."

Kiswahili chake kilikuwa chepesi, cha sokoni, hakina hata kigugumizi. Baadaye nilikuja kujua kwamba kabla magoti hayajamsumbua aliuza samaki wa kukaushwa mjini Migori miaka mingi, na wateja wake wakubwa walikuwa wafanyabiashara Waislamu wenye maduka kule, watu wasiojua Kijaluo hata cha kuombea maji. Angewauzia kwa lugha gani, ya ndege? Lakini miaka miwili nilikula kwake na kulala bomani mwake, na sikuwahi kumwuliza alikuwa nani kabla ya kuwa mama mkwe wangu. Nilikuwa na shughuli ya kuwaeleza wengine.

Mtu mwenye busara angeishia hapo, angepakua chakula kimya kimya na kutubu. Mimi aibu ikanigeukia hasira. Kumbe alikuwa akiniuliza "wanasema nini" ili anione nikidanganya! Kumbe amenichezea! Wakati yeye anawaonyesha wageni pa kunawa, nilichota bakuli kubwa kwenye sufuria yangu, paja la jogoo na mchuzi mzito, nikalipeleka mwenyewe mbele ya baba mkwe. Bakuli la kwanza, kama sheria inavyotaka.

Alikula. Alifumba macho. Kikao kizima kikamtazama.

"Nyar Rangwe," alisema polepole, "hiki ndicho chakula."

Akala tena, sasa kwa haraka, akalinyanyua bakuli anywe mchuzi. Mimi nilisimama mlangoni nimevimba kwa fahari, nikingoja aseme neno lile moja kuhusu jiko. Ndipo mama mkwe akaingia na bakuli lake dogo. Alimwona. Alivuka chumba, akalichukua bakuli langu kutoka mikononi mwa mumewe, pale pale, mbele ya wageni, mchuzi ukamwagika kwenye kanzu ya Jumapili ya mzee, na akaweka lake mahali pake.

Kwa watu wale mke hamnyang'anyi mumewe chakula. Hata wakiwa wawili tu chumbani haifanyiki, sembuse mbele ya ugeni. Nilimtazama mzee nikingoja radi. Mzee aliangalia chini. Kisha kinyozi, Mungu amsamehe, akapiga paja lake.

"Kumbe ni ukweli! Mama amenyang'anya mzee chumvi tukiona na macho yetu!"

Wakacheka tena, wakacheka mpaka simba akashikwa na kikohozi. Mama mkwe alisimama katikati ya kicheko kile na bakuli langu mkononi. Nakiri jambo ambalo sijawahi kulikiri: nilifurahi. Alikuwa amefanana kabisa na kadi zangu.

Wageni waliondoka saa kumi, wakiwa wameshiba na kuahidi kuandika. Nilikwenda kuosha masufuria nyuma ya jiko. Mama mkwe alikuja, akakaa kwenye kigoda, akachukua sufuria moja na majivu, akaanza kusugua. Tulisugua muda mrefu.

"Mzee ana presha," alisema.

Nilichota majivu mengine.

"Tangu kabla hujaletwa hapa. Daktari alisema aache chumvi, la sivyo itamlaza upande mmoja. Yeye akasema siku nitakayompakulia chakula cha mgonjwa mbele ya watoto wake, siku hiyo atahamia kula hotelini sokoni. Na wewe umeona hoteli za sokoni. Basi nikaitoa chumvi kwa wote. Ikawa ni mimi nisiyejua kupika."

"Lakini yeye ndiye aliyekuwa akikulaumu," nilisema. "Kila siku. Mbele yetu."

"Angefanyaje? Mtu anayeficha jambo lazima aseme kitu."

Nilisugua pale palipokwisha takata. "Ungeniambia, Mama. Ningenyamaza."

Aliacha kusugua. Aliniangalia vizuri, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nyar Rangwe. Wewe?"

Nikainama.

"Ningekuambia Jumatatu," alisema, "na kabla ya mwezi kwisha, yule mtu wa redio angekuwa anaiombea presha ya mzee wangu nchi nzima ikisikia."

Alisuuza sufuria, akaifudikiza juu ya nyasi. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu cha pembeni, "Mafiga yako niliyachagua zamani. Wiki uliyokuja. Lakini ukishawasha moto, bakuli lako litakwenda kwake kila mlo, na mimi sina uwezo wa kulizuia bakuli la mke wa mwanangu. Leo nimelizuia, na umeona ilivyokuwa. Nilikuwa nangoja ujifunze kunyamaza."

"Yako wapi?" niliuliza.

"Nyuma ya ghala. Si ndiyo yale unayokalia ukiandika?"

Nimeambiwa mengi maishani na nimetukanwa na watu wenye kipaji, lakini sijawahi kupigwa na sentensi kama ile. Nililia pale pale, mikono yangu imejaa majivu. Hakunibembeleza. Aliniachia nilie, akaenda kuwapa ng'ombe chumvi. Ng'ombe wa boma lile walilamba zawadi ya wanasalamu miezi mingi, wakanawiri, na ile kadi yangu ya mzaha kuhusu ng'ombe ikawa habari ya kweli.

Mafiga niliyasubiri mpaka mavuno. Sikuuliza, na nadhani kutouliza kwangu ndiko kulikohesabiwa. Asubuhi moja nilimkuta akiyasukuma mawe yale kwa mguu kuelekea nyumbani kwangu, akahema, akanituma nikalete kaa la moto jikoni kwake. Sivyo ilivyopaswa, kaa alete yeye, lakini magoti yalikuwa yamemkataa, na nilikimbia na lile kaa kwenye kigae kama mwizi.

Mume wangu alifurahi kwamba sasa atakula kama watu. Jioni ile nilimpikia omena. Alionja. Alinitazama kwa masikitiko.

"Umemwiga mama," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Nimejifunza kwake."

Kadi niliendelea kuandika, lakini zilikuwa salamu tupu: habari za mvua, heri ya mavuno, poleni na baridi. Mtangazaji alizisoma bila kucheka. Kinyozi aliuliza hewani kama Malkia anaumwa.

Kisha rafiki yangu wa Sori akapita Uriri akielekea kwa dada yake, akabisha hodi kwangu bila taarifa. Nilifurahi kumwona. Safari hii tuliongea, kwa shida kidogo mwanzoni, kisha vizuri. Lakini mgeni hula, na chakula kilikuwa kile kile kilichokwisha kwenda kwa Mzee, katika sufuria moja. Nilimwekea. Alikula tonge la kwanza akasita. Alinitazama, akatazama mafiga yangu mapya, akatafuta kwa macho chumvi iko wapi. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja. Maneno yalinifika kwenye meno. Nikamwongezea ugali.

Haukupita mwezi. Alasiri moja mama mkwe alikuwa kwenye kigoda akibambua karanga, mimi nachambua osuga, na Mzee yuko kwenye kiti chake mlangoni na bakuli langu la mchana mapajani. Mtangazaji akatangaza kadi kutoka Sori, akasoma majina, akafika kwenye ujumbe, na sauti yake ikaanza kuyumba kabla hajaanza.

"Salamu hizi zimfikie Chumvi, popote alipo. Arudi nyumbani. Anatafutwa na malkia mmoja kule Uriri, na sufuria yake inalia."

Mama mkwe alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka karanga zikamwagika mapajani, akashika kinu asianguke, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Huyo ndiye anajua," alisema kwa Kiswahili. "Yako haikuwanga tamu hivyo."

Mzee aliinua kichwa. "Wanamsema nani?"

"Wanamsema Nyar Rangwe," mama akamjibu. "Ati hajui kutia chumvi."

Mzee alitazama bakuli lake, akanitazama mimi. Sikuinua macho kutoka kwenye mboga, lakini nilijua ananitazama, na nilijua ameelewa kwamba najua. Karanga moja ilibiringika mpaka mguuni pangu.

"Ni kweli," alisema. "Hajui kabisa."

Siku zote bakuli aliliacha chini ya kiti, nami nikaja kuliokota. Siku ile alisimama, akalileta mwenyewe hadi nilipokaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa amelifuta safi kwa ugali, hadi ukingoni.